Kijana Hakai kwa Sababu ya Gipsam

"Masta kali, gipsam, taa za urembo, marumaru hadi ukutani, ndani ya fensi." Tangazo la namna hii, la masta (chumba chenye choo na bafu lake) na dari la ubao wa gipsam, huzunguka kila siku kwenye magrupu ya madalali wa Dar es Salaam, na chumba kweli hupata mtu. Tatizo huanza miezi sita iliyolipiwa kodi inapoisha. Mpangaji anafungasha, dalali anarudishiwa kazi, kuta zinapakwa rangi upya, na mwenye nyumba anasema vijana wa siku hizi hawatulii. Vijana wanatulia vizuri tu nyumba inapowaruhusu. Kinachowahamisha mara nyingi hakipigwi picha: kimo ndani ya ukuta, kwenye mita, kwenye tangi la maji na kwenye mkataba. Huko ndiko pesa ya ukarabati inapaswa kwenda kwanza, na gipsam ifuate kama kuna kilichobaki.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya wanaoanza maisha ndani ya mkoa huo wanapanga, na wengi wanapanga kwenye nyumba ya Kiswahili, ambayo ramani yake kila mtu anaijua: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani choo na jiko la pamoja, mita moja ukutani. Ni nyumba nzuri kwa hewa na kwa ujirani, na Mwananyamala, Temeke au Buguruni bado zimejaa. Ila ilijengwa kwa mpangaji mwenye redio, taa moja na pasi ya mkaa. Mpangaji wa leo ana miaka ishirini na kitu, anaishi peke yake au na mwenzake mmoja, ana friji ndogo, anafanya kazi kwenye laptopu hadi usiku wa manane na anapikia gesi. Ukimweka humo bila kubadilisha chochote, ndani ya mwezi mmoja utasikia ugomvi, na wa kwanza utakuwa wa umeme.

Chukua hesabu ya kijana mmoja. Friji ndogo hula karibu yuniti 0.8 kwa siku, yaani 24 kwa mwezi. Pangaboi la wati 70 likizunguka saa kumi kila siku linakula 21. Taa nne za wati 9 kwa saa tano kila jioni, kama 5. Televisheni ya inchi 32, 5 nyingine. Laptopu saa sita kwa siku, 9. Pasi saa mbili kwa wiki, kama 8. Jumla ni yuniti 72. TANESCO, shirika la umeme, ina daraja la matumizi madogo ya nyumbani, D1, lenye kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi kwa bei ya shilingi 100 kwa yuniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1, inafika shilingi 122. Anayezidi hapo kwa kawaida huangukia T1, daraja la matumizi ya jumla, shilingi 292 kabla ya makato, karibu 356 baada yake. Kijana wetu angelipa takriban 8,800 kwa mwezi akiwa D1. Akiwa T1 analipa 25,600.

Sasa weka wapangaji sita kama yeye kwenye mita moja. Kwa pamoja wanapita yuniti 400, mita nzima iko T1, na kila mmoja analipa bei ya mtumiaji mkubwa ingawa hakuna hata mmoja aliye mkubwa. Juu ya hapo wanachangishana kwa makadirio: mwenye friji elfu kumi na tano, asiye nayo elfu saba, na aliyesafiri wiki mbili anabishana. Hesabu hii ndiyo inayovunja nyumba nyingi, kuliko hata kodi yenyewe.

Dawa ni kila chumba kuwa na LUKU yake, yaani mita ya TANESCO ya kulipia kabla. Ada ya kuunganisha njia moja mjini, ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ilipangwa shilingi 320,960 mwaka 2022. Hapo hujahesabu waya na kazi ya fundi wa ndani. Ni pesa nyingi ukizidisha kwa vyumba vyote, lakini mpangaji anayeokoa karibu elfu kumi na saba kila mwezi hatashtuka kuongeza elfu kumi kwenye kodi, na kwa kiasi hicho ada inarudi ndani ya miaka mitatu. Tahadhari moja: mita mpya haipangwi D1 yenyewe tu. Ulizia ofisi ya TANESCO ya eneo lako kabla ya kumwahidi mtu bei.

Kama mita za TANESCO hazipatikani kwa sasa, funga mita ndogo za ndani, moja kwa kila chumba, baada ya mita kuu. Hazitashusha bei ila zinaondoa makadirio. Andika kwenye mkataba kwamba yuniti itauzwa kwa bei ileile iliyoko kwenye risiti ya LUKU. Mwenye nyumba anayeongeza shilingi hamsini juu ya kila yuniti anajulikana haraka, maana kijana ana kikokotoo mfukoni. Na kodi ya majengo inayokatwa kupitia LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu 2023, ni deni la mwenye jengo. Mrudishie mpangaji au ipunguze kwenye kodi yake.

Waya wenyewe nao utazamwe. Nyumba nyingi za zamani zina soketi mbili tu chumbani, zote zikiwa kwenye sakiti moja na chumba cha jirani, na kijana anatatua kwa ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni. Chumba cha futi 12 kwa 12 kinahitaji soketi pacha nne: moja kila upande wa kitanda, moja ya friji, na moja ya meza ya kazi, sentimita 100 kutoka sakafuni ili iwe juu ya meza. Kitanda cha sita kwa sita kinachukua robo nzima ya chumba hicho, kwa hiyo chora kitakapokaa kabla fundi hajachimba ukuta. Soketi inayoishia nyuma ya ubao wa kitanda ni sawa na isiyokuwepo. Soketi zipite kwenye waya wa milimita za mraba 2.5, taa kwenye 1.5, na kila chumba kiwe na sakiti breka yake.

Kifaa kinachochoma nyumba ni hita ya kuogea, ile inayofungwa juu ya bomba la shawa. Ya wati 5,500 kwa umeme wa volti 230 inavuta ampea 24. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku, usiopungua 4 na bora uwe 6, sakiti breka ya ampea 32, na ethi ya kweli iliyoshuka ardhini. Wanachofanya mafundi wa haraka ni kuidandia kwenye waya wa soketi. Waya unapata moto kila asubuhi, plastiki yake inakauka na kuwa ngumu, kiungio kinalegea, na dalili ya kwanza ni swichi kugeuka rangi ya kahawia upande mmoja na harufu kama ya samaki. Kisha breka inaanza kukata. Mtu anaita fundi, naye anaweka breka kubwa zaidi. Sasa breka haikati tena, waya ndio unaoungua. Kama breka inakata, shughulikia waya. Na juu ya yote weka swichi ya kukata umeme unaovuja, ile mafundi wanayoiita RCD, ya miliampea 30, kwa sababu bafuni mtu anasimama ndani ya maji.

Kwa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, ushauri wetu ni kuiacha kabisa hita hiyo. Dakika kumi kwa siku ni karibu yuniti 27 kwa mwezi, na mpangaji anatoka D1 kwa sababu ya maji ambayo kwenye joto la pwani hayahitaji. Arusha, Mbeya na Iringa ni habari nyingine.

Kuhusu maji, kinachohitajika ni ujazo, kimo na koki. Kadiria lita 80 kwa mtu kwa siku. Watu wanane ni lita 640, na mgao wa siku tatu unataka lita 1,920, kwa hiyo tangi la lita 2,000 ndilo la kuanzia na la 3,000 linakupa nafasi ya kupumua. Kila mita moja ya kimo inakupa presha ya baa 0.1 tu. Tangi lenye kitako mita 4 juu, na shawa ikiwa mita 2, linatoa baa 0.2: linatosha kuoga, halitoshi mashine nyingi za kufulia zinazojaza maji zenyewe. Usijaribu kuponya hilo kwa kurundika tofali chini ya tangi. Lita 3,000 ni tani tatu, na mnara wake unahitaji nguzo za zege zenye nondo na msingi wake. Weka pampu ndogo ya presha kwenye bomba linaloshuka. Bomba kuu liwe la robo tatu, matawi ya nusu inchi, na kila chumba kiwe na koki yake ya kufungia nje ya mlango, ili bomba la mmoja likipasuka wengine wasilale bila maji.

Tukifika kwenye choo, hapo ndipo nyumba ya Kiswahili inahitaji uamuzi mkubwa. Kijana anayelipwa mshahara hataki choo cha uani akiweza kukikwepa. Njia inayofanya kazi bila kubomoa nyumba ni kutoa sadaka chumba cha kati kila upande. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinagawanywa kwa ukuta kutoka koridoni hadi ukuta wa nje, na kila nusu, yenye upana wa mita 1.4, inafunguliwa mlango kwenda chumba cha mbele au cha nyuma. Vyumba sita vinakuwa masta nne. Kama chumba kilikuwa elfu 50, jumla ilikuwa 300,000. Masta nne kwa 120,000 ni 480,000, na wapangaji wa kusimamia wamepungua. Kibali cha halmashauri kitafutwe kabla, maana unagusa kuta zinazobeba paa. Kabla ya kukata mlango mpya ukutani, weka lenta, boriti ya zege ya juu ya mlango, yenye nondo, ilale angalau sentimita 15 juu ya ukuta kila upande. Bila hiyo, ufa wa mshazari unatoka kwenye kona ya mlango msimu wa kwanza wa mvua.

Kosa linalorudiwa ni jinsi ile nusu inavyogawanywa tena. Mafundi hupenda kuweka bafu upande wa nje na jiko upande wa korido. Jiko hilo halina dirisha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kujikusanya sakafuni, na kwenye kijumba kisicho na tundu inasubiri kiberiti. Acha bafu upande wa nje, mita 1.4 kwa 1.7, lipate dirisha la juu na bomba fupi la kutolea. Upande wa korido ufanye sehemu ya nguo. Jiko, yaani meza ya zege ya mita 1.2 na sinki, liweke ndani ya chumba chenyewe chini ya dirisha la nje. Chini ya meza hiyo, usawa wa sakafu, toboa tundu la sentimita 15 kwa 15 kwenda nje na ulizibe kwa wavu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kwa maana nyingine, mtungi utakuwa ndani ya chumba upende usipende. Kukataza gesi kwenye mkataba kunamfanya mpangaji aufiche chini ya kitanda.

Bafu jipya linaharibika kwa njia moja kuliko zote: maji yanapanda ukutani. Miezi mitano baada ya kuhamia, rangi ya chumbani, upande wa pili wa bafu, inaanza kuvimba malengelenge juu kidogo ya sakafu. Ukiigusa inadondoka, chini yake kuna unga mweupe wa chumvi. Fundi rangi anakwangua na kupaka tena, na inarudi. Marumaru hazizuii maji, maana maji yanapita kwenye viungio vyake na tofali linayanywa kama sponji. Kinachozuia ni dawa ya kuzuia maji chini ya marumaru: mikono miwili (ipakwe mara mbili), sakafu nzima, kupanda sentimita 30 kwenye kuta zote na sentimita 180 pale shawa ilipo, pembe zote zikiwekewa kitambaa cha nyuzi ndani ya dawa. Ikikauka, ziba tundu la sakafu, jaza maji sentimita 3, yaache saa 24, kisha uangalie ukuta wa pili. Fundi akigoma kusubiri siku moja, tafuta mwingine. Sakafu iiname sentimita 1.5 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, na bomba la choo la inchi 4 literemke sentimita 2.5 kwa kila mita hadi kwenye chemba, na chemba iwepo kila bomba linapopiga kona. Maji ya mvua ya paa yasiingizwe kwenye shimo la choo, hata kama bomba liko karibu.

Joto na kelele vinakwenda pamoja, kwa sababu vyote vinapita juu. Kuta za ndani za nyumba hizi mara nyingi huishia usawa wa dari, na juu yake ni uwazi mmoja toka chumba cha mbele hadi cha mwisho. Simu ya jirani unaisikia neno kwa neno. Kwa mtu anayefanya mikutano ya kazi kutoka chumbani, hiyo peke yake ni sababu ya kuhama. Pandisha kuta hadi kwenye kenchi, mbao zinazobeba bati, kabla ya kufunga dari, na acha matundu ya hewa kwenye kuta za pembeni ili joto la bati litoke. Pangaboi lisining'inizwe kwenye ubao wa gipsam. Kulabu yake ifungwe kwenye mbao ya kenchi, na mapanga yake yawe juu ya mita 2.3 kutoka sakafuni. Kwenye madirisha, wavu wa mbu ni lazima. Grili ni sawa, ila moja kwa kila chumba iwe na mlango unaofunguka kwa ndani. Chumba chenye mlango mmoja, mtungi wa gesi na grili iliyochomelewa pande zote hakimwachii mtu pa kutokea moto ukiwaka mlangoni.

Intaneti ni kazi ndogo ikifanywa wakati ukuta uko wazi. Pitisha bomba la plastiki la milimita 25 kutoka kwenye paa hadi ukuta wa kila chumba, lenye mikunjo mipana na kamba ya kuvutia ndani yake. Waya wa faiba ukikunjwa kwa kona kali unapoteza mwanga au unakatika kabisa. Ruta moja ya koridoni haitoshi vyumba vyote, kila ukuta wa tofali unakula nguvu yake.

Baada ya yote haya, mtu anaweza kuharibu kila kitu kwa sharti moja: kodi ya miezi sita mkononi. Kijana wa mshahara wa 600,000 akichukua masta ya 120,000 anadaiwa 720,000 za miezi sita na 120,000 za dalali, yaani 840,000 kabla hajanunua hata ndoo. Wengi wanakopa kwenye simu na kuanza mwezi wa kwanza wakiwa na deni. Ukifika mwezi wa saba hawana tena pesa kubwa kwa mkupuo, kwa hiyo wanahama. Mwenye nyumba anaona utovu wa nidhamu, lakini kalenda ya kodi yake haikuwahi kufanana na kalenda ya mshahara.

Hofu ya mwenye nyumba ni ya kweli, na tunaichukua kwa uzito. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi anaweza kukaa bila kulipa, na kumtoa ni shughuli. Jibu ni amana ya mwezi mmoja, kodi kila tarehe 1 hadi 5 kwa namba moja ya simu au akaunti ili kumbukumbu ibaki, notisi ya siku 30 kwa pande zote mbili, na sharti kwamba mwezi mmoja usiolipwa unafidiwa na amana na wa pili unamaliza mkataba. Anayehitaji pesa ya mkupuo kwa ujenzi aitoe kama chaguo: lipa miezi sita upate punguzo la nusu mwezi. Chumba cha 120,000 kinachokaa tupu miezi miwili kwa mwaka, kwa kubadilisha watu kila miezi sita, kinapoteza 240,000, bado hujalipa rangi. Mpangaji wa kila mwezi anayekaa miaka mitatu hakugharimu hivyo.

Mkataba uandikwe, mashahidi wasaini, na nakala ya utambulisho ifike ofisi ya serikali ya mtaa. Uwe na majibu ya mambo yanayozua ugomvi: nani anabadilisha taa, nani anaziba bomba linalovuja, shimo la choo linanyonywa kwa pesa ya nani, mgeni analala siku ngapi, amana inarudishwa ndani ya siku ngapi baada ya kutoka.

Siku ya kukabidhi funguo, ingieni chumbani wote wawili, wewe mwenye nyumba na mpangaji. Washeni taa zote, pangaboi, chomekeni chaja kwenye kila soketi, fungueni mabomba yote kwa dakika tano na mwangalie sakafu ya bafu inavyokauka. Pakeni povu la sabuni kwenye kiungio cha mpira wa gesi, mapovu yakipanda mpira unabadilishwa papo hapo. Pigeni picha kuta, sinki na choo kwa simu zote mbili. Kisha soma namba ya mita na kiwango kilichopo, uviandike kwenye ukurasa wa mwisho wa mkataba kwa kalamu, naye asaini pembeni.